Njia ya mkato ilivyoniumbua msituni Karura

MTU akikwambia kwamba anaijua njia fulani kama kiganja cha mkono wake, mwulize kwanza ni lini alipokitazama kiganja hicho mara ya mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu yaliyonifika, msomaji mpenzi, yalinifika mahali ambapo ningeapa kwamba hakuna jiwe nisilolijua. Nazungumzia Msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi, kati ya Limuru Road na Kiambu Road, ambako nimekuwa nikikimbia kila Jumamosi asubuhi kwa miaka mitatu sasa.

Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa limegeuka kuwa wimbo. Ikifika saa tatu asubuhi naingia mlangoni nikitiririkwa na jasho, raba zimejaa udongo mwekundu, nami natangaza bila kuulizwa: "Kilomita 14!"

Mama watoto hunimiminia uji. Wanangu hunitazama kwa heshima. Nami huketi pale kitini kama chifu, nikiwahutubia kuhusu nidhamu, uvumilivu na faida za kuamka mapema.

Basi niliposikia kwamba kungekuwa na mbio za kilomita 42 kwenye vijia vya msitu huo huo, mizunguko mitatu ya kilomita 14 kila mmoja, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Nilijiambia kwamba hizi ni mbio za nyumbani. Wageni wangepotea, mimi ningeteleza tu kama maji.

Sisi Wakenya tuna ugonjwa mmoja. Tangu Eliud Kipchoge akimbie kilomita 42 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mnamo Oktoba 12, 2019, kila mmoja wetu anadhani kwamba damu ile inapita mwilini mwake pia, hata kama zoezi lake la kila siku ni kukimbilia matatu.

<b>Siri yangu</b>

Kabla sijaendelea, sina budi kukufungulia moyo. Mzunguko wenyewe uko hivi. Unaanzia langoni upande wa Limuru Road, unateremka hadi mtoni, unapita karibu na maporomoko ya maji na yale mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha, kisha unaelekea upande wa Kiambu Road. Huko kunakungoja kilima.

Si kilima cha kutisha ukikitazama kwenye ramani. Lakini ni kirefu, kina mizizi inayokutegea miguu, na mvua ikinyesha udongo wake hushika raba kama gundi.

Sasa, pale chini ya kilima, penye njia panda, pana kijia chembamba kinachokata kushoto katikati ya mikalitusi. Ukikifuata, unakiepuka kilima chote na kutokea kwenye njia ya kurudi. Kinakupunguzia kilomita tatu nzima.

Mara ya kwanza nilikifuata kwa sababu nilikuwa nimechelewa kwenda harusini. Mara ya pili kulikuwa na manyunyu. Mara ya tatu sikuhitaji sababu. Baada ya miezi michache, miguu yenyewe ilikuwa ikikata kona bila hata kuniomba ruhusa.

Lakini nyumbani tangazo halikubadilika. "Kilomita 14!"

Zilikuwa 11.

Hata nilipokuwa nikijitayarishia mbio hizo, nilikimbia mizunguko miwili Jumamosi moja na kuandika kwenye daftari langu, kwa wino, kilomita 28. Hesabu ya haki ni 22. Kwa hivyo mimi niliyejiandikisha kukimbia 42 sikuwa nimevuka 22 tangu nizaliwe.

Jambo lililoniuma baadaye ni kwamba mwezi mmoja kabla ya mbio, nilimkuta binti yangu, kifungua mimba, aliye katika kidato cha tatu, akinakili majibu ya kazi ya likizo ya hisabati kutoka kwa daftari la rafikiye. Nilimsomea kwa muda wa nusu saa.

"Anayenakili hamdanganyi mwalimu," nilimwambia nikiwa nimesimama wima, mikono kiunoni. "Anajidanganya mwenyewe, na siku ya mtihani ndiyo itakayomuumbua."

Alininyamazia. Alinitazama usoni kwa kitambo, kisha akainama na kuanza kufuta.

<b>Si mimi wa kwanza</b>

Wapo walionitangulia katika mchezo huu mchafu, na tena mbele ya macho ya dunia.

Katika Olimpiki ya mwaka 1904 kule St. Louis, Marekani, mkimbiaji mmoja aitwaye Fred Lorz alishikwa na misuli akapanda gari, akabebwa kwa sehemu kubwa ya safari, kisha akashuka na kuingia uwanjani mbio. Umati ulimshangilia kama mshindi. Ukweli ulipojitokeza alisema kwamba alikuwa akitania. Medali ilimwendea Thomas Hicks, aliyefika akiwa hoi.

Na mnamo Aprili 21, 1980, mwanamke kwa jina Rosie Ruiz alitangazwa mshindi wa upande wa wanawake katika marathoni ya Boston. Watu walishangaa kumwona hana jasho la maana, na wakimbiaji wenzake hawakukumbuka kumwona njiani. Baada ya siku chache alipokonywa ushindi, nao ukapewa aliyeustahili, Jacqueline Gareau wa Canada. Ruiz alikuwa amejipenyeza karibu na mwisho.

Hata hivyo, Lorz alirudi mwaka uliofuata, 1905, akashinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe. Kisa hicho nilikuwa nikikijua tangu zamani, na nilikuwa nikipenda kuwasimulia watu. Sikuwahi kudhani kwamba kinanihusu.

<b>Mzunguko wa kwanza</b>

Tulianza saa moja kamili asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya miti, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Karura iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huko si za kuchezea.

Binti yangu alikuwako pia. Chama cha mazingira cha shule yao kiliombwa kusaidia, na wanafunzi wakagawanywa kwenye njia panda mbalimbali, kila mmoja na karatasi ya kuandika nambari za wakimbiaji wanaopita. Sikujua yeye amepangwa wapi.

Niliondoka kwa fujo. Kila kona niliijua, kila shina. Wageni walipokuwa wakipunguza mwendo ili kuangalia vibao, mimi niliwapita huku nikiwapungia mkono. Juu ya miti mbega walikuwa wakirukaruka na mikia yao meupe, wale wale waliorudishwa msituni humu baada ya kutoweka kwa miaka mingi.

Ukikimbia Karura asubuhi kama ile, ni vigumu kukumbuka kwamba nusura msitu huu usiwepo. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu waliotaka kujenga nyumba za kifahari. Nao walikuwa wakitafuta njia ya mkato, ya kujipatia utajiri bila kutoka jasho.

Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche humo wakashambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana barabarani kuutetea msitu. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Msitu ukabaki, takriban hekta 1,000 katikati ya jiji.

Nilifika penye ile njia panda yangu nikiwa bado na nguvu. Safari hii vibao vilielekeza juu, kilimani. Nikapanda.

Ndugu yangu, kilima hicho kilinishangaza. Nilipoona mwanga mbele yangu nilidhani nimefika kileleni, nikainua mikono juu kwa furaha. Mara nikasikia sauti nyororo kutoka juu zaidi: "Baba, bado! Kuna kona nyingine!"

Alikuwa yeye. Kati ya njia panda zote za Karura, binti yangu alikuwa amepangiwa kilele cha kilima kile.

Nilipompita aliandika nambari yangu. Nilimpungia mkono, lakini moyoni nilijua nimejifichua. Mtu anayekipanda kilima kila Jumamosi kwa miaka mitatu hangeweza kusahau kwamba kina kona nyingine.

Nilimaliza mzunguko huo kwa saa moja na dakika 35.

<b>Mzunguko wa pili</b>

Mbio za mizunguko zina mtihani ambao mbio za barabarani hazina. Kila ukimaliza mzunguko unapita pale pale ulipoanzia. Gari lako liko pale. Mama watoto yuko pale na chupa ya chai. Kuna kivuli na kuna mandazi. Hakuna atakayekulaumu ukiketi.

Nilipita bila kusimama, na hata kile kikombe cha uji nilichonyoshewa nilikikataa. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, baada ya lile la kuanza kwa fujo.

Kukimbia msituni hakufanani na kukimbia kwenye lami. Ardhi ni laini, nayo huyahurumia magoti, lakini hakuna hatua mbili zinazolingana. Hapa unaruka mzizi, pale unakwepa jiwe, hapa unateremka ukijizuia usianguke. Na huko kujizuia kwenye mteremko ndiko kunakochosha misuli ya mapaja kuliko kupanda, maana msuli unavutwa huku ukijaribu kujikaza. Ndiyo sababu baada ya mbio za vilima mtu huumia zaidi siku ya pili kuliko siku yenyewe.

Kilimani mara hii nilitembea. Binti yangu aliandika nambari yangu tena. Hakusema neno. Alinipa tu kikombe cha maji na kunitazama kama anayesoma swali gumu.

Nilimaliza mzunguko wa pili kwa saa mbili na dakika tano. Jua lilikuwa limetoka. Ilikuwa saa nne na dakika 40.

<b>Mzunguko wa tatu</b>

Hapa ndipo hesabu zangu za uongo zilipoanza kudaiwa.

Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini. Wataalamu huiita glikojeni. Kwa watu wengi akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi za kukimbia, hasa kama hujala kitu njiani. Ikikauka, miguu hugeuka magogo, kichwa huwa kizito na hata jambo dogo hutaka kukuliza. Mkimbiaji aliyejizoeza kwa safari ndefu mwili wake hujifunza kutumia akiba hiyo kwa uangalifu na kuchoma mafuta pia. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa kilomita 22, nao ulikuwa ukishangaa ninataka nini zaidi.

Nilitembea. Nilikimbia hatua 50 nikatembea 100. Mzee mmoja mwenye mvi, ambaye asubuhi nilikuwa nimempita nikipiga mluzi, alinipita taratibu akiwa anatafuna kipande cha kiazi kitamu. "Pole, kijana," akasema. Sikupata pumzi ya kumjibu.

Saa sita kasoro dakika kumi nilifika penye njia panda. Mbele na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kulia, kilima. Kushoto, kijia changu cha mikalitusi, chenye kivuli, tambarare, kikinikonyeza kama rafiki wa zamani.

Sitakuficha, msomaji mpenzi. Nilikata kushoto.

Nilijitetea kwa hoja zote mwanadamu awezazo kubuni. Kwamba sishindanii zawadi. Kwamba nimeshakipanda kilima mara mbili na hiyo yatosha. Kwamba hakuna ninayemdhulumu. Kwamba nikianguka huko juu nitawasumbua watu bure.

Nilikuwa nimekwenda kama hatua 200 nilipokumbuka ile karatasi. Kule juu kulikuwa na msichana mwenye kalamu, na mbele ya nambari yangu palikuwa na alama mbili. Angengoja ya tatu. Angemwona wa mwisho akipita, kisha angetazama karatasi yake, halafu angeshuka kwenda langoni na kunikuta nimevalishwa medali.

Nisikudanganye kwamba kilichonigeuza ni uadilifu. Kilikuwa ni woga. Lakini hata woga ukikugeuza kuelekea njia ya haki, geuka.

Nilirudi zile hatua 200 nikichechemea, nikaanza kupanda.

<b>"Nilijua tangu Machi"</b>

Kile kilima kilinichukua dakika 40. Nilishika miti. Nilikaa juu ya gogo mara mbili. Nilipopita ile kona ya kwanza sikuinua mikono tena, maana sasa nilijua kwamba iko ya pili.

Alikuwa bado pale. Wenziwe walikuwa wameshuka, yeye alibaki na mwalimu wao aliyekuwa ameketi kando chini ya mti. Aliandika alama ya tatu, akaifunga kalamu.

"Baba, umechelewa sana," alisema.

Sijui ni uchovu au ni nini. Nilijikuta nikisema: "Mwanangu, mimi hiki kilima huwa sikipandi. Kila Jumamosi hukata pale chini."

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Nilijua tangu Machi. Tulikuja na chama chetu tukautembea mzunguko wote na mwalimu. Hauwezi kukimbiwa kwa muda unaosema wewe. Nikaitazama ramani pale langoni, nikakiona kile kijia. Nikapiga hesabu. Ni 11."

Nilimwuliza kwa nini hakusema, hasa siku ile nilipomsomea kuhusu kunakili.

Aliinamisha kichwa. "Nilitaka kusema. Halafu nikaona ni kweli uliyoyasema, hata kama ni wewe uliyeyasema."

Msomaji, nimewahi kukemewa na wakubwa kazini, na wakati mmoja nilikemewa na hakimu kwa kosa la kuegesha gari. Hakuna aliyewahi kunikemea kama yule mtoto, na hata hakupaza sauti.

Nilimwomba radhi pale pale. Alinipa maji na nusu ya ndizi yake, akanisukuma mgongoni kidogo. "Nenda sasa. Imebaki mteremko."

Nilifika langoni saa saba na dakika 38. Saa sita na dakika 38 za safari, dakika 22 kabla ya muda wa mwisho kufika. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mama watoto alikuwa amelala kwenye leso chini ya mti. Nilipovalishwa medali nililia kidogo, na nikiulizwa nitasema ni jasho.

<b>Ukitaka kujaribu</b>

Najua wapo wasomaji, hasa vijana wa vyuo, watakaotaka kujaribu mbio za namna hii. Basi nakupa niliyoyalipia kwa misuli yangu.

Kwanza, pima njia yako kwa haki. Usiongeze hata nusu kilomita kwenye daftari. Daftari halikimbii kwa niaba yako.

Pili, ongeza umbali kidogo kidogo, juma baada ya juma, na kila baada ya majuma matatu au manne upunguze ili mwili upumzike. Kabla ya kilomita 42, uwe umeshafika kwenye 30 au zaidi angalau mara moja au mbili.

Tatu, fanya mazoezi kwenye ardhi ile ile utakayokimbilia, na kilima unachokichukia zaidi ndicho ukizoee zaidi. Zoea kushuka pia, si kupanda tu. Lucy Wambui Murigi, Mkenya mwenzetu aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena mwaka 2018, hakuupata ubingwa huo kwa kuzunguka vilima.

Nne, kula kabla ya kuona njaa. Kila baada ya nusu saa hivi tafuna kitu: ndizi, kiazi kitamu, tende, hata chapati. Yule mzee mwenye mvi hakuwa mjinga. Kunywa maji ukisikia kiu, lakini usiyanywe kupita kiasi kwa hofu, kwa sababu maji mengi mno hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, nayo hali hiyo ni ya hatari.

Tano, anza polepole hadi uone aibu. Ukijiona unawapita watu huku ukiwapungia mkono, umekosea.

Sita, kata kucha za miguu siku mbili kabla, jipake mafuta mazito penye msuguano, na usivae raba mpya siku ya mbio. Malengelenge hayaheshimu mtu.

Saba, usiende msituni peke yako bila kumwambia mtu utakapopita na utakaporudi. Fuata vijia vilivyowekwa alama. Na ukisikia maumivu kifuani, kizunguzungu au baridi isiyo ya kawaida, simama na uombe msaada. Kuacha mbio si kukata njia. Anayesimama na kusema "nimeshindwa leo" hajamdanganya mtu yeyote.

Kwa wanafunzi wa sekondari, kilomita 42 bado si zenu. Marathoni kubwa kama za London na New York hazimkubali mtu aliye chini ya miaka 18. Anzeni na tano, kisha kumi, tena kwa furaha.

<b>Jumamosi iliyofuata</b>

Kwa siku tatu baada ya mbio nilikuwa nikishuka ngazi kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, watoto wakinicheka. Nilistahili.

Siku ya nne nilikwenda kwenye lile daftari langu. Kila palipoandikwa 14 nilipiga mstari nikaandika 11, na palipoandikwa 28 nikaandika 22. Zilikuwa kurasa nyingi. Binti yangu alikuja akaketi mkabala nami kwenye meza ile ile na kazi yake ya hisabati. Hatukuzungumza. Kila mmoja alikuwa na masahihisho yake.

Majuma mawili baadaye tulikwenda Karura sote wawili. Hatukukimbia, tulitembea. Penye njia panda alisimama akanitazama. Nilikitazama kijia cha mikalitusi, nikakiaga, tukapanda. Kule juu, penye ile kona ya pili, kuna mahali ambapo miti inaachana kidogo na unauona msitu ukishuka hadi mtoni. Miaka mitatu nilikuwa nikipita chini yake bila kupaona.

Tuliporudi nyumbani mama watoto alikuwa jikoni. Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Binti yangu ndiye aliyetangaza.

"Kilomita 14, Mama," alisema akivua raba. "Nimezihesabu mwenyewe."

Uji wa siku ile, msomaji mpenzi, ulikuwa na ladha tofauti.